Kuchagua risasi ya karabini ndogo kwa kupiga mbawala karibu na shamba

Wewe mwenye shamba karibu na mto ama karibu na msitu unamjua mbawala. Mchana humwoni. Amelala katika kichaka kizito, karibu na maji, peke yake, ama jike pamoja na mtoto wake. Jua likishuka anatoka, anaingia shambani, anakula majani machanga ya maharagwe na ya viazi vitamu, na asubuhi unakuta mistari mizima imebaki vijiti. Kabuluku naye huja. Ni mdogo, lakini ana njaa yake. Ukiwa na nguvu ya kujenga ua wa miti na miiba, anza na ua, maana ua unalinda shamba hata wewe ukilala. Lakini wako watu wenye karabini na ruhusa, nao wanatuuliza mara nyingi sisi wamoniteri: Nitumie risasi gani? Swali hilo ni la maana kuliko wanavyodhani. Wengi wananunua kartushi yoyote iliyoko dukani siku ile, kisha wanashangaa nyama akikimbia na jeraha, akafia mbali, akaliwa na fisi. Shamba limeharibiwa, nyama imepotea, kartushi imekwisha.

Kwanza habari ya ruhusa, kwa maneno machache. Sheria ya kuwinda katika Kongo ni ile namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Inataka mwindaji awe na ruhusa ya kuwinda, na bunduki yenyewe sharti iwe na karatasi yake. Ndani ya parki, kama Upemba ama Kundelungu, kuwinda kumekatazwa. Uliza ofisini kabla ya kununua kartushi.

Sasa sikiliza majina, tusichanganye vitu. Kartushi ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki, baruti, na risasi mbele. Hapa nikisema risasi, nataka kusema kile kipande kinachoruka tu. Kalibri ni upana wa risasi, yaani upana wa mwanzi wa bunduki inamopita.

Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wanasikia «22» wanadhani ni kitu kimoja. Namba 22 maana yake ni sehemu 22 za mia za inchi, basi ni milimetre 5.6 hivi. Lakini kuna kartushi nyingi zenye upana huo, nazo hazifanani kwa nguvu hata kidogo, kama vile mbwa na chui hawafanani ingawa wote wana miguu minne.

Ya kwanza ni 22 Long Rifle, ile fupi inayojulikana pote. Itazame kitakoni: huoni fataki, kwa sababu imefichwa ndani ya ukingo wa ganda. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6, na mwendo wake ikitoka mwanzini ni metre 330 hivi kwa sekunde moja; ziko nyingine zinazokwenda mbio kidogo zaidi. Ya pili ni 22 Hornet, kartushi ndefu kidogo, nyembamba: risasi ya gramu 2.9, mwendo wa metre 820 hivi. Ya tatu ni 223 Remington: risasi ya gramu 3.6, mwendo karibu metre 990. Hizi mbili za mwisho zina fataki ya mviringo inayoonekana katikati ya kitako.

Nguvu ya risasi inatoka katika uzito na mwendo, lakini mwendo una kazi kubwa kuliko uzito. Ukizidisha uzito mara mbili, nguvu inazidi mara mbili. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Wenye elimu huipima kwa jouli. Jouli 1000 ni karibu nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 100 toka chini mpaka urefu wa metre moja. Basi piga hesabu: 22 Long Rifle ikitoka mwanzini ina jouli 140 hivi, Hornet ina karibu 975, 223 ina zaidi ya 1700. Upana wa zote ni karibu sawa, lakini ya tatu inaizidi ya kwanza mara kumi na mbili.

Je, mbawala anataka nguvu gani? Mbawala jike ana kilo 25 mpaka 60, dume anaweza kufika 80. Katika Ulaya yuko nyama wa msituni aitwaye kwa Kifaransa chevreuil, ambaye ukubwa wake ni kama wa mbawala jike mdogo, naye pia hupigwa karibu, pembeni mwa mashamba. Huko wamepima jambo hili wakaliandika katika sheria. Ujerumani inataka risasi iwe bado na jouli 1000 ikifika metre 100. Uskoti inataka risasi isipungue gramu 3.2, mwendo usipungue metre 746, na nguvu isipungue jouli 1356 ikitoka mwanzini. Uingereza, jirani yake, inakataza kabisa kalibri hiyo ya 22 kwa chevreuil. Inairuhusu tu kwa nyama wadogo kuliko yeye. Unaona, hata wao hawapatani. Lakini wanapatana kwa jambo moja: 22 Long Rifle haiko katika hesabu ya nyama huyo.

Mimi nasema hivi. Kwa kabuluku wa kilo 5, mbele ya metre 30, 22 Long Rifle inatosha kama mpigaji ana mkono mtulivu. Kwa mbawala haifai. Najua utaniambia kwamba jirani yako amemwangusha mmoja kwa hiyo. Ndiyo, lakini muulize pia ni wangapi waliokimbia nayo mwilini, kwa maana hao hakuna anayewahesabu. Hornet haifiki kipimo cha Ujerumani wala cha Uskoti. Mimi ningeiacha kwa nyama wadogo. Kwa mbawala jike ama dume kijana, 223 inafaa ikiwa risasi imechaguliwa vema. Kwa dume mzee wa kilo 70, afadhali uwe na bunduki ya milimetre 6 ama 7. Dume mwenye jeraha hugeuka katika kichaka akachoma kwa pembe, naye amekwisha kuumiza watu na mbwa wengi.

Sasa tufike kwenye risasi yenyewe. Nyama hauawi na jouli. Anakufa kwa sababu moyo au mapafu yametobolewa na damu imemtoka. Kwa hiyo risasi ina kazi mbili: kuingia mpaka ndani kabisa, na kufanya njia pana ikiingia. Ikifanya moja bila ya nyingine, ni hasara.

Iko risasi iliyovikwa shaba mwili mzima mpaka ncha. Kwenye boksi imeandikwa «blindée» au herufi FMJ. Hiyo ni risasi ya askari. Kwa nini askari wanatumia hiyo? Zamani Waingereza walitengeneza katika Dum Dum, karibu na Calcutta katika Uhindi, risasi ya ncha wazi iliyopanuka ikiingia mwilini. Mwaka 1899 mataifa yalikutana La Haye, yakaandika kwamba risasi za namna hiyo zisitumike vitani kati yao. Ndiyo sababu risasi ya vita imefunikwa ncha. Lakini lile lililokatazwa kwa watu kwa ajili ya huruma, kwa nyama ndilo huruma yenyewe, maana linamwua upesi. Risasi iliyofunikwa mara nyingi hupita mbavuni ikaacha tundu jembamba kama la sindano kubwa. Nyama anakimbia, damu haidondoki njiani, huwezi kumfuata. Mara nyingine risasi hiyo nyembamba yenye mbio hugeuka ndani ikavunjika, ikaharibu nyama pote. Huwezi kujua mbele itafanya lipi. Tena ikipita mwilini inaendelea na safari yake. Watu wanaookota kartushi za vita au kuzinunua kwa siri wanafanya makosa mawili: sheria inawakataza, na risasi yenyewe si ya kazi hii.

Iko nyingine kinyume chake: risasi nyepesi, ngozi yake ya shaba ni nyembamba sana, ncha yake ina tundu ama kifuniko cha rangi. Imetengenezwa kwa kupiga nyama wadogo waharibifu, na kwao inafaa sana. Lakini ikimpiga mbawala begani kwa karibu inapasuka vipande vipande juu ya mfupa. Utaona jeraha pana la kutisha, utadhani amekufa, kumbe ndani mapafu ni mazima. Atakwenda nalo siku nyingi na funza.

Na hapa angalia sana habari ya ukaribu, kwa sababu watu wanadhani kinyume. Wanasema: Nyama yuko karibu, metre 40 tu, basi risasi yoyote itafaa. Siyo. Risasi hupungua mwendo kwa kadiri inavyokwenda mbali, kwa sababu ya hewa. Katika metre 40 bado ina karibu mbio zake zote. Ile dhaifu inayoweza kuvumilia katika metre 200 huvunjika katika metre 40. Anayepiga karibu anataka risasi yenye nguvu ya kushikamana kuliko anayepiga mbali.

Basi kwa 223, chagua risasi ya ncha laini, «demi-blindée», yenye gramu 3.6 mpaka 4.2, na mtengenezaji awe ameandika kwamba ni ya nyama wakubwa, si ya waharibifu wadogo. Zilizo bora ni zile ambazo kiini cha risasi kimeunganishwa kwa moto na ngozi yake ya shaba, havitengani. Ikiingia, ncha hufunguka kama uyoga, na nyuma hubaki nzima ikisukuma mbele. Iko pia risasi ya shaba tupu, bila risasi nyeusi ndani, yenye tundu nchani. Hiyo hutaka mwendo mkali ili ifunguke, na karibu inao mwendo huo. Kwa hiyo kwa kazi yetu inafaa sana. Bei yake iko juu.

Lakini hiyo ya shaba ina sharti moja. Shaba ni nyepesi kuliko risasi nyeusi, kwa hiyo kwa uzito ule ule kipande huwa kirefu zaidi. Risasi ndefu hutaka kuzungushwa kwa nguvu zaidi ili iende sawa, kama pia ya watoto isiyozungushwa vema inavyoyumba. Ndani ya mwanzi kuna michirizi inayozungusha risasi. Katika bunduki nyingine mchirizi unamaliza duara moja katika milimetre 305 au zaidi. Katika nyingine milimetre 229 au pungufu. Ya kwanza hupenda risasi fupi, ya pili huweza ndefu. Mara nyingi imeandikwa juu ya mwanzi: 1:12 ni ile 305, 1:9 ni ile 229. Kama haikuandikwa, hakikisha hakuna kartushi ndani, kisha sukuma fito ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana na mpini unaozunguka wenyewe. Tia alama juu ya fito, sukuma polepole mpaka alama imezunguka mara moja, upime fito imeingia kiasi gani. Kazi ya dakika tano.

Usiamini boksi peke yake. Chukua magazeti ya zamani, yalowe usiku mmoja katika maji, yafunge katika katoni, uweke mbele ya kichuguu kikubwa, upige toka metre 40. Kisha fungua karatasi moja moja. Risasi ikiwa vipande katika karatasi za mbele, usimpigie mbawala. Ikipita zote bila kupanuka, pia usimpigie. Ukiikuta mbali ndani, imefunguka, na zaidi ya nusu ya uzito wake imebaki katika kipande kimoja, nunua hiyo. Watu wengine wanalia kwamba kartushi tatu za kujaribu ni hasara. Mbawala mmoja aliyepotea ni kilo ngapi za nyama?

Jaribu pia bunduki yako inapiga wapi kwa kartushi hiyo, maana ukibadili kartushi risasi hufika mahali pengine. Kwa karabini yenye darubini kuna jambo la kujua. Darubini iko sentimetre 4 hivi juu ya mwanzi. Ukiirekebisha 223 ipige sawasawa katika metre 100, katika metre 25 itapiga chini karibu sentimetre 2, na katika metre 10 chini karibu 3. Kwa mbawala si neno kubwa. Kwa kabuluku ni kubwa.

Mpige akisimama ubavu, nyuma kidogo ya bega, theluthi moja juu toka chini ya kifua. Hapo pana moyo na mapafu. Usimpige kichwa. Watu wa karabini ndogo wanapenda sana kichwa, nao wanavunja taya. Nyama anakwenda kufa kwa njaa. Usipige kupitia majani na vijiti, kwa sababu hakuna risasi isiyopotoshwa na kijiti. Akikimbia baada ya mlio, ngoja. Aliyepigwa mapafu hukimbia mara nyingi metre 50 ama 100 kisha anaanguka. Tafuta damu: nyekundu nyangavu yenye povu ni ya mapafu, mfuate baada ya kitambo kidogo. Nyeusi ni ya ini, ngoja zaidi. Ikiwa na majani yaliyotafunwa na harufu ya tumbo, ngoja saa nyingi, maana ukimfukuza hatalala, hutamwona tena.

Sasa kitu kinachonitia hofu kuliko vyote. Shamba lina watu. Kuna mama anayechota maji jioni, kuna mtoto anayerudi na kuni, kuna mlinzi wa shamba jirani aliyelala katika kibanda chake. Kartushi ndogo ya 22 Long Rifle hupeleka risasi zaidi ya kilometre moja. 223 hupita kilometre 3. Tena 22 Long Rifle hudunda juu ya maji na mawe ikaenda upande usioudhani. Kwa hiyo kabla ya kutazama nyama, tazama nyuma yake. Kichuguu kikubwa nyuma yake ni kizuri. Kilima ni kizuri. Nyasi si kitu, migomba si kitu. Njia bora ni kujenga kilingo chenye urefu wa metre 3 pembeni mwa shamba, ili risasi ishuke ardhini. Nyama akisimama juu ya mgongo wa kilima na mbingu nyuma yake, mwache aende. Na usipige macho yanayong'aa katika taa usiku. Mbuzi anayo, na mbwa wa jirani anayo.

Umempata. Ukipasua, kumbuka kwamba risasi nyeusi, ile ya kawaida, ni sumu. Ikigonga mfupa kwa mwendo mkali inatoa chembe ndogo ndogo ambazo huzioni kwa macho wala huzisikii kwa meno, nazo hutawanyika sentimetre nyingi kando ya tundu. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi kidogo cha sumu hiyo kisicho na hatari, na zaidi kwa watoto na kwa mama mwenye mimba, kwa maana inaharibu ubongo unaokua. California ilikataza risasi hizo kwa kuwinda toka tarehe 1 Julai 2019. Denmaki ilikataza zile za karabini toka tarehe 1 Aprili 2024. Sisi kama hatuna za shaba, tukate nyama yote yenye damu nyeusi kando ya tundu, na nyama safi iliyo karibu nayo kwa upana wa kiganja, tuifukie. Usimpe mbwa. Usimpe mtoto ati ni kipande kidogo. Mwenye risasi ya shaba haponi kazi ya kusafisha jeraha, lakini anapona hofu hiyo.

Neno la mwisho ni la kutunza. Kartushi zikae pakavu, katika boksi lake lenye jina, mbali na moto na mbali na watoto. Usichanganye za namna mbili katika mfuko mmoja. Ganda lenye kutu ya kijani au lililopasuka lisiingie bunduki. Ukivuta na kartushi isiwake, usifungue upesi: elekeza mwanzi chini penye udongo, hesabu polepole mpaka sitini, ndipo uitoe. Hiyo iliyogongwa usiirudishe katika boksi pamoja na nzima. Iweke peke yake, uipeleke kwa aliyekuuzia ama kwa ofisi iliyokupa karatasi ya bunduki.